Mazoezi ya Gwalugano

Fundi Uledi alianzia kwenye utepe. Alipitisha wembe chini ya utepe mweusi uliozungushiwa usukani wa baiskeli, akauchana kutoka pembe ya kushoto hadi ya kulia, na Gwalugano akageuza uso, akatazama foleni ya malori kana kwamba anayechanwa ni yeye.

"Kaka, una uhakika?" Uledi aliuliza. Alikuwa mtu wa Tabora aliyekuja Tunduma kama utingo wa lori, akabaki na spana zake hapo Mpemba, kijiji cha kando ya barabara kuu. "Hii ni resi yenyewe. Kuna Mzambia pale Nakonde, ukimwonyesha hivi ilivyo anaondoka nayo leo leo."

"Haiuzwi. Badilisha usukani tu."

"Niweke upi?"

"Wa kawaida, ulionyooka. Mtu akae wima."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

Uledi alicheka chini kwa chini, akaendelea na kazi. Usukani wa resi umepinda kwenda chini kama pembe za kondoo, na anayeuendesha lazima alale juu ya baiskeli, kifua karibu na bomba, mgongo na vyote vilivyo nyuma ya mgongo vikiwa juu. Kwa mshindani hiyo ni sifa. Uledi aliuchomoa, akaleta usukani wa baiskeli ya mlimani, ukaonekana mwembamba, unachezacheza mahali pake. Akakata kopo la soda, akauviringishia kile kipande, akakaza nati mpaka ukatulia. Kisha akavuta waya mpya za breki, akafunga vishikio vya breki vya baiskeli ya mlimani, akatoa siti nyembamba ngumu, akaweka pana yenye springi, akafunga keria nyuma na kengele mbele. Gia aliziacha zilivyo.

"Sasa sikiliza," alisema akijifuta mikono. "Vishikio hivi na breki hizi si ndugu. Zitakamata, lakini kwa kusuasua. Mwambie huyo mtu yeyote abane mapema, tena kwa mikono yote miwili."

Gwalugano aliitikia kwa kichwa. Zile pembe alimwachia Uledi ziwe sehemu ya malipo. Fundi alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama kazi yake, akasema bila ubaya wowote kwamba sasa imekuwa baiskeli ya mama kwenda nayo sokoni. Gwalugano akacheka naye. Alicheka kuliko hata Uledi mwenyewe, ili kicheko kiishe haraka, halafu akaisukuma baiskeli hadi nyumbani kwa kupitia nyuma ya nyumba za watu.

Huyo mtu yeyote alikuwa mke wake, Teresia. Alikuwa amepata kazi ya kupika kwenye bweni la shule moja upande wa Tunduma mjini, na moto wa uji ulitakiwa uwe umewaka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Saa hizo magari ya abiria ni ya kubahatisha, na nauli ya bodaboda kila siku ingemeza nusu ya mshahara. Baiskeli ilikuwepo, imeegemea ukuta wa sebuleni mwaka wa pili huo. Teresia alijua kuendesha tangu usichana wake huko Isongole, alipokuwa akibeba maharage kupeleka sokoni. Kwa hiyo aliipanda ile resi siku mbili. Jioni ya siku ya pili aliingia chumbani, akakaa kitandani, akavua viatu kimya kimya.

"Siipandi tena," alimwambia mume wake. "Nainama mpaka kidevu kinagusa usukani, matako juu, vijana wa kuosha magari wananipigia miluzi. Na hapa nyumbani natoka hivyo hivyo, baba amekaa barazani."

"Baba haoni, Teresia."

"Mimi najiona."

Wote wawili walikuwa Wandali na wote walijua. Kwao, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Mkamwana hamgusi, hali naye, hamsemeshi, wala hapazi sauti mahali alipo. Wakikutana njiani, mwanamke hutoka njiani, akajifunika na kugeukia kando mpaka mzee apite. Kijijini, kwenye maboma mapana, jambo hilo huwezekana bila taabu. Katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili pale Mpemba lilikuwa shughuli pevu: mzee anakohoa kabla ya kuingia sebuleni, Teresia anatoka kwa mlango wa nyuma, Teresia anaweka chakula juu ya kigoda, anagonga bakuli kwa kijiko, anaondoka. Miaka sita tangu aolewe, hawajawahi kuambiana hata neno.

"Jamani, Teresia," aliwahi kumwambia jirani yao Mama Raudha, mwanamke wa Tanga aliyekuwa akiuza vitumbua kando ya barabara. "Baba wa watu haoni, sasa wewe unajificha nini? Kwetu ningemshika mkono mwenyewe nikampeleka chooni."

"Kwenu, Mama Raudha."

"Haya mama. Kwetu."

Mzee Sadoki, baba yake Gwalugano, aliletwa kutoka Isongole kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika yote mawili, akawa anaona vivuli tu, akisubiri tarehe ya upasuaji aliyopangiwa kule hospitali ya Mbozi Mission. Siku aliyofika, kabla hata ya kunywa maji, aliomba apelekwe ilipo baiskeli. Akazipapasa zile pembe polepole, akatabasamu. Yeye ndiye aliyeinunua. Miaka mitano nyuma aliuza mitamba miwili, ile aliyokuwa amejiwekea ya uzeeni, akawatangazia Isongole nzima kwamba mwanawe atauendeshea mkoa.

Mwanawe alishindana mara tatu. Mara ya mwisho alifika watu wakiwa wanakunja maturubai. Kilabu yao ya baiskeli ikafa, ofisi ya kutoa mizigo mpakani alimokuwa karani ikafungwa, na sasa Gwalugano alikuwa akibeba magunia kwenye ghala la mahindi hapo hapo Mpemba. Katika hayo yote Mzee Sadoki hakuambiwa hata moja. Kila alipopiga simu aliambiwa, "Niko mazoezini, baba," na uongo wa kwenye simu ni mwepesi, mtu anakata na kuendelea na shughuli zake. Ubaya ulianza baba alipokuja kukaa nao.

"Akijua je?" Teresia aliuliza usukani ulipokwisha kubadilishwa.

"Hatajua. Anaijua kwa sauti."

Ilikuwa kweli. Gurudumu la nyuma la ile baiskeli, mtu akiacha kukanyaga, lililia tikitikitiki, sauti nyembamba ambayo baiskeli nyingine za mtaa hazikuwa nayo. Basi wakaanza mchezo wao. Alfajiri Gwalugano aliisukuma mbele ya baraza ikilia, akasema kwa sauti, "Baba, naenda mazoezini." Mzee akajibu, "Nenda, mwanangu. Usiwaonee huruma." Gwalugano akaifikisha nyuma ya banda la Mama Raudha, ambako mke wake alikuwa ameshazunguka kwa mlango wa nyuma, akamkabidhi. Teresia akapanda, akakaa wima kama mtu wa heshima zake, akaenda. Gwalugano akakata kona kwa miguu kuelekea ghalani. Jioni walikutana pale pale, mume akaichukua baiskeli, akairudisha nyumbani ikilia.

"Leo umekwenda wapi?" mzee aliuliza siku moja.

"Hadi Vwawa na kurudi, baba."

"Na vilima umeviwezaje?"

"Gia ndogo, baba. Kidogo kidogo."

"Mbona unanuka dawa ya mahindi?"

"Malori, baba. Barabara imejaa malori ya mahindi, vumbi lote linanishika mimi."

Mzee Sadoki aliridhika. Akaomba apigiwe simu kwa mdogo wake Isongole, akapaza sauti kama wafanyavyo wazee wengi kwenye simu: "Anakwenda Vwawa anarudi, wewe bado umelala! Mwaka huu timu ya mkoa watamchukua, nakwambia!" Uani, Gwalugano alikuwa ananawa, na maji yakamwagika yote mikononi mwake bila kufika usoni. Teresia alikuwa jikoni anachambua mboga. Walisikia wote wawili, na kwa muda mrefu hakuna aliyemtazama mwenzake. Waliona haya, na haya ya watu wawili chini ya paa moja ni nzito kuliko ya mmoja, maana hakuna wa kumlaumu mwenzake.

"Tumwambie," Teresia alisema wakati wa kulala.

"Macho yake yakipona nitamwambia."

"Macho yakipona hutahitaji kumwambia."

Gwalugano akageukia ukutani.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, Teresia alikuwa ameshafika nusu ya njia alipojipapasa kiunoni akakuta hana funguo za stoo. Mchele, unga na sukari ya wanafunzi mia mbili vilikuwa nyuma ya kufuli, na matroni alikuwa ameshamwandika mara mbili kwa kuchelewa. Aligeuza. Alipokaribia nyumbani kulikuwa kunapambazuka, njia ya kushuka kwao ilikuwa tupu, mvua imeichimba makorongo madogo katikati. Akaacha kukanyaga, akaiachia baiskeli iteremke yenyewe, ikawa inalia.

Barazani Mzee Sadoki aliinua kichwa. Mazoezi hayajawahi kwisha saa ile.

"Gwalugano? Mbona mapema? Umeanguka?"

Hakusubiri jibu. Alishika fimbo, akateremka barazani, akaifuata ile sauti hadi katikati ya njia, mkono mmoja mbele, kama baba yeyote anavyotoka kumpokea mwanawe aliyeumia.

Teresia alimwona zikiwa zimebaki hatua kama ishirini. Mtu wa kwingine angepiga kengele. Lakini kumpigia kengele baba mkwe ni kumswaga kama mbuzi, na kumpigia kelele ni kubaya zaidi. Mdomo wake ulifunguka, sauti ikagoma. Kilichofanya kazi ni mkono. Mkono wa kulia uliachia usukani, ukavuta kitenge kutoka begani, ukafunika uso, na uso wenyewe ukageukia kando kama inavyotakiwa. Mkono wa kushoto ukabaki peke yake na breki ya Uledi. Breki ilikamata, lakini kwa kusuasua.

Walianguka pamoja, mzee chini, baiskeli juu yake, Teresia pembeni kwenye korongo.

Alipoinuka alimkuta ameketi mavumbini, mguu wa kulia umegeukia kusikostahili. Hakulia. Alikuwa anapapasa. Mkono ulipata gurudumu, ukapanda kwenye bomba, ukafika kwenye usukani. Ukaufuata upande wa kushoto, ukitafuta mahali unapoanza kupinda, ukafika mwisho, kwenye mpira. Akarudi, akaufuata upande wa kulia. Kidole gumba kikagusa kengele, kikaiminya, ikalia mara moja.

"Gwalugano?" alisema.

Teresia alisimama akiwa amempa mgongo, kitenge usoni. Akakimbia kwa Mama Raudha, akakuta kufuli. Akaingia ndani kutafuta simu ya mume wake, ambayo huwa anaiacha nyumbani isije ikapondwa na magunia, akakuta haina chaji. Akatoka tena, akasimama pale pale, mgongo ule ule. Alitamani ardhi impokee.

Mzee Sadoki akaongea, lakini aliongea na njia, hakuongea naye. "Aliyeko hapo asiite watu. Sitaki watu."

Teresia akakaza kitenge usoni.

"Hii baiskeli ina keria. Nimeigusa." Akapumua kwa maumivu. "Njia ya nyuma ya kwenda kituo cha afya ipo? Isiyopita barabarani?"

"Ipo, baba."

Ndilo lilikuwa neno la kwanza. Lilitoka dogo, la kukwaruza, na mzee akainamisha kichwa alipolisikia, naye pia akaona haya.

Teresia alikunjua kitenge, akakizungushia mikono yake yote miwili kabla ya kumshika kwapani. Kitenge kilidumu mpaka mzee alipokuwa nusu njia kati ya ardhi na keria. Hapo kikateleza, na ikabidi mikono iwe mikono. Alikuwa mwepesi, mifupa mitupu. Akampandisha, akamfunga mguu na kile kitenge kwenye kijiti cha kuni, akaanza kuisukuma baiskeli. Stoo, funguo, matroni, vyote vilikuwa vimemtoka kichwani.

"Ukisukuma hivi tutafika saa ngapi?" mzee aliuliza, sasa akiwa hana njia wala ukuta wa kuongea nao. "Panda."

"Baba atashika wapi?"

"Nitashika siti."

Alishika springi za siti. Korongo la kwanza baiskeli ikayumba, mikono ikamrukia Teresia kiunoni, ikaachia kama imeungua. Korongo la pili ikarudi. La tatu haikuondoka tena. Teresia alikanyaga huku mgongo umemkakamaa, na jasho lililomtoka halikuwa la kazi. Hata wakwe wa Tanga, aliwaza, hata wao hawapakiani hivi.

"Tangu lini?" Mzee Sadoki aliuliza nyuma yake.

"Wiki ya tatu, baba."

"Unakwenda kazini nayo."

"Ndiyo, baba. Shuleni. Napika."

"Na yeye asubuhi anakwenda wapi, kama baiskeli unayo wewe?"

Teresia alikanyaga. Kulikuwa na maneno mengi ya kusema, na hakuna hata moja lililokuwa lake kulisema. Mzee alisubiri, halafu akaacha kusubiri.

Njia ya nyuma, ile ambayo mzee aliiomba ili wasionekane, inapita nyuma ya ghala la mahindi. Teresia alikumbuka hilo walipokuwa wameshapita nyumba ya mwisho, upande mmoja ukuta, upande mwingine mfereji, mahali ambapo hakuna pa kugeuzia. Lori lilikuwa limesogezwa kwenye mlango wa nyuma, wabebaji wanatoka ndani kwa mstari, kila mmoja na gunia mgongoni. Juu ya lori alisimama Yahaya, msimamizi wao, mtu wa sauti kubwa na roho isiyo mbaya.

Gwalugano alikuwa wa nne kwenye mstari. Alitoka mlangoni akiwa ameinama, mgongo na vyote vilivyo nyuma ya mgongo vikiwa juu, akainua macho, akaona mke wake, akaona baiskeli, akaona baba yake kwenye keria na mguu uliofungwa unaning'inia. Zilikuwa hatua kumi, hazizidi. Midomo yake ilicheza.

Gunia hutuliwa kwa kufumba na kufumbua. Kila mbebaji anajua. Unainamisha bega tu, linaanguka lenyewe. Gwalugano alilishusha kidogo, Teresia akadhani analitua. Lakini alilishusha kwa mbele, hadi likafunika paji la uso, macho na pua, akabaki amesimama hivyo, miguu miwili na gunia.

Teresia alibana breki kwa mikono yote miwili. Baiskeli ikasimama.

"Kuna nini?" mzee aliuliza.

"Jiwe, baba."

Waliokuwa nyuma ya Gwalugano wakaanza kugongana. Yahaya akapiga kofi bati la lori.

"We Gwalugano! Umeota mizizi? Leta mzigo! Si kila siku unatusimulia ulivyokuwa mwana resi? Haya, tuonyeshe!"

Wabebaji wakacheka, kicheko cha watu wanaomzoea mwenzao. Gwalugano hakusogea. Teresia alimwonea haya na huruma kwa pamoja, asijue ipi ni ipi.

Mikono kiunoni mwake ililegea. Alidhani mzee anataka kushuka, akajiandaa kumzuia. Kisha ikarudi, ikamshika kwa nguvu zaidi kuliko kwenye korongo lolote. Mzee Sadoki alisogeza mdomo karibu na bega lake.

"Kanyaga, mwanangu," alinong'ona. "Asijue kama nimesikia."

Teresia akakanyaga.